npm imesema "nitajitahidi", kisha depo nzima ikarudi kwenye kaye (daftari)

fundi_wa_kampemba · Jumamosi usiku

Bakubwa na badogo, salamu. Niko Lubumbashi, Kampemba. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Kuna depo moja ya simenti na mabati ambayo naitunzia programu ya fakitire (ankara) tangu 2020. Kodi ni ya JavaScript, inaendeshwa na Node 12 kwenye mashini ya Windows 7. Kabla hamjaanza kunipigia kelele: najua. Ndani ya mashini ile kuna programu ya hesabu ya zamani ambayo patroni aliinunua kwa pesa nyingi na haikubali Windows nyingine. Windows 7 nayo haikubali Node 14 kwenda juu. Kwa hiyo ni Node 12, na Node 12 inakuja na npm 6, chombo cha kushusha vifurushi, yaani kodi iliyoandikwa na wengine. Hapo ndipo nilipo, na hapo nitabaki hadi patroni aamue vingine.

Wiki hii mudogo wangu wa Bukavu, tunayesaidiana kazi, aliongeza sehemu ya kuonyesha bei kwa franka na kwa dola. Kwake ilienda vizuri, akasukuma kodi. Leo asubuhi nimefika depo kabla ya kufungua, nikavuta kodi, nikaandika `npm ci` kama siku zote. Ikakataa: "Cannot read property" ya kifurushi fulani "of undefined". Basi, hakuna neno lingine. Nje malori mawili yalikuwa yamekwisha kupanga foleni. Nikaandika `npm install`. Hiyo ikakubali, ila ikatoa onyo moja ambalo kwa Kiswahili ni hivi: toleo hili la npm linapatana na lockfileVersion@1, lakini package-lock.json limetengenezwa kwa lockfileVersion@3, nitajitahidi kadiri niwezavyo.

Nikaiamini. Utamkatalia nani anayekuambia atajitahidi?

Kuwasha programu: `Cannot find module 'node:fs'`. Nimetafuta hiyo fs hadi macho yakauma. fs, sehemu ya kusoma na kuandika mafaili, iko ndani ya Node yenyewe, haiwezi kupotea! Saa 4 patroni akatoa kaye na kalamu, wateja wakaandikiwa kwa mkono hadi jioni, na kila mmoja akaambiwa sababu ni mimi.

Kodi yetu wenyewe haina neno `node:fs` popote, nimetafuta. Kifurushi gani kimeharibika, na nimwandikie nani?

mutoto_wa_katuba · Jumamosi usiku

Pole sana mukubwa. Ile "nitajitahidi" ni kama fundi wa moto (pikipiki) mwenye anafungua injini, anairudisha, anabakia na nati mbili mu mukono, kisha anakuambia "endesha tu, hakuna neno".

kijana_wa_golf · Jumamosi usiku

Node 12 iliacha kutunzwa Aprili 2022. Nunueni mashini mpya, uzi umekwisha.

fundi_wa_kampemba · Jumamosi usiku

@kijana_wa_golf asante. Niletee namba ya mtu atakayelipa, nitampigia hata sasa.

yaya_terminali · Jumapili asubuhi

Fundi, usimwandikie mtu kwanza. Nina wazo la kilichotokea, ila nataka kuona jambo moja. Fungua package-lock.json mara tatu: ile ya kabla ya mudogo kusukuma, ile aliyoisukuma yeye, na hiyo iliyoko sasa kwenye mashini ya depo. Mistari ya juu kabisa, andika tu namba ya lockfileVersion kwa kila moja.

fundi_wa_kampemba · Jumapili mchana

Umeme ulikuwa umekwenda, samahani yaya. Nimeangalia kwa git, inayotunza historia ya kodi: kabla ya mudogo ni 1. Ya mudogo ni 3. Ya depo sasa hivi ni... 1. Sikuigusa kwa mkono, naapa.

yaya_terminali · Jumapili mchana

Hukuigusa, npm ndiyo iliyoigusa. Sasa kaa vizuri, maana hapa pana mambo matatu yamefuatana na kila moja linalifunika lingine.

package-lock.json, yaani faili la kufuli, ilikuja na npm 5 mwaka 2017. Kazi yake ni moja: package.json inasema "nataka kifurushi hiki, 4.1.0 au kinachopatana nacho", kufuli inasema "tulipoweka mara ya mwisho ilikuwa 4.1.3 hasa, na chini yake vilikuwa hivi na hivi". Bila kufuli, kile kialama `^` kinaruhusu chochote kuanzia 4.1.0 hadi kabla ya 5.0.0, na hivyohivyo kwa vifurushi vilivyo chini ya kifurushi, na vilivyo chini ya hivyo. Unaomba vifurushi kumi, unaletewa mia tatu. Mia mbili na tisini hukuwachagua.

Namba 1 ndiyo muundo wa npm 5 na 6. Ndani yake kuna sehemu iitwayo `dependencies`: mti, kimoja ndani ya kingine. Oktoba 2020 ikaja npm 7 na muundo mwingine, sehemu iitwayo `packages`, ambapo kila kifurushi kimeandikwa kwa njia ya folda yake, pamoja na habari zaidi kama vile kinahitaji Node gani, ili npm isirudi kuuliza rejista (ghala la vifurushi mtandaoni) kila mara. Lakini wale wa npm 7 walijua dunia bado iko kwenye 6. Wakatoa namba 2, ambayo inabeba sehemu zote mbili ndani ya faili moja. npm 6 inasoma `dependencies`, npm 7 inasoma `packages`, faili linanenepa lakini hakuna anayelala njaa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, npm 9 ikaamua kwamba daraja limetosha: namba 3, yaani `packages` peke yake.

Sasa angalia mashini yako. npm 6 inafungua faili la namba 3, inatafuta `dependencies`, haipo. `npm ci` inakwenda kuuliza jina la kifurushi ndani ya kitu ambacho hakipo, ndiyo ile "Cannot read property ... of undefined". Ule ni ujumbe mbaya, lakini angalau ilisimama. Kisha wewe ukaandika `npm install`. Yenyewe ikaona kufuli tupu, ikasema itajitahidi, ikaenda kwa package.json, ikafuata `^` zote hadi juu, ikakuletea vifurushi vya mwaka huu, na mwisho ikaandika kufuli upya kwa namba 1. Ndiyo maana unaona 1. Ni namba ileile ya zamani, lakini vilivyomo ni vingine kabisa.

Na `node:fs`? Hakuna kilichoharibika. Ni fs ileile, imeandikwa kwa mtindo mpya wenye `node:` mbele. `require`, amri ya kuita kifurushi ndani ya kodi, ilianza kuelewa mtindo huo kwenye Node 14.18. Node 12 inadhani ni jina la folda. Mahali fulani kati ya wale mia mbili na tisini, mtu alipandisha toleo na kuanza kuandika hivyo. Kwake si kosa, maana kwake Node 12 ilikufa zamani.

fundi_wa_kampemba · Jumapili mchana

Yaya, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mimi ndiye niliyevunja, kwa `npm install`?

yaya_terminali · Jumapili mchana

Uliambiwa na chombo kwamba kitajitahidi, ukaendelea. Mimi ningefanya vilevile na malori mlangoni.

kutu_ya_mgodi · Jumapili jioni

Mimi ni mtu wa lugha ya Rust, yaani "kutu" (jina langu linasema, na ndiyo, nimechoka na utani wa kutu na shaba). Nataka kusema kuhusu hilo neno "nitajitahidi", maana ndipo mimi na watu wa npm tunapoachana.

Cargo ndiyo npm ya Rust, na kufuli yake, Cargo.lock, nayo ina namba ya muundo. Namba 4 ilianza kueleweka kwenye Rust 1.78, Mei 2024, lakini haikuandikwa kwa kawaida hadi 1.83, Novemba 2024. Waliisomesha kwanza, wakaiandika baadaye, na katikati watu walipata miezi sita ya kujisogeza. Sasa nikichukua mradi wenye namba 4 nikaupeleka kwenye Debian 12, ambayo ina Rust 1.63, Cargo inaniambia wazi: nimeona faili la namba 4, mimi siielewi, labda unipandishe. Inasimama. Haishushi kitu, haiandiki kitu, haijitahidi.

Nilikasirika siku hiyo, ndiyo. Lakini nilikasirika dakika kumi, kwa sababu nilijua tatizo ni nini. Fundi amekasirika siku nzima akitafuta fs.

papa_wa_namba · Jumapili jioni

Wanangu, niruhusuni mwalimu mzee niweke mpaka kidogo, maana naona mambo mawili yanachanganywa.

Kuna chombo kipya kusoma faili la zamani. Hilo ni deni la anayetengeneza chombo kipya, na mtu akilikwepa tunamlaumu kwa haki. Mfano wa karibu: Machi 2025 setuptools, chombo cha kujenga vifurushi vya Python, ilitoa toleo la 78 ambalo halikutaka tena vistari kwenye majina ya faili la mipangilio setup.cfg, kwamba `description-file` sasa iwe `description_file` kwa lazima. Onyo lilikuwa limetolewa miaka kadhaa. Lakini vifurushi vingi vya zamani, ambavyo wenyewe hawavigusi tena, vikaanza kukataa kujengwa siku hiyohiyo. Wakarudisha nyuma siku ileile. Kistari kimoja tu.

Na kuna chombo cha zamani kusoma faili jipya. Hilo ni jambo lingine. Mtu aliyeandika npm 6 hakuwa nabii. Huwezi kumdai aelewe muundo uliobuniwa baada yake.

kutu_ya_mgodi · Jumapili jioni

Papa, simdai aelewe. Namdai ajue kwamba haelewi. Namba iliwekwa juu ya faili kwa kazi gani basi? Aliisoma ile 3! Ameiandika kwenye onyo! Alijua ni 3, alijua anajua 1 tu, akaendelea.

mutoto_wa_katuba · Jumapili jioni

Apa njo naelewa sasa. Muyomba wangu anaendesha kamyo ya Kasumbalesa. Ukifika na karatasi ya namna mpya, na yule wa mezani anajua tu ya zamani, kuna mambo mawili: anakusimamisha, unalala pale siku mbili unakasirika, ao anagonga muhuri bila kusoma, unapita ukicheka, na shida inakungojea ku depo. Muyomba anasema ya kwanza ni afazali. Lakini anasema vile leo, siku ya kulala pale hakusema vile.

papa_wa_namba · Jumapili usiku

Mfano mzuri, lakini hauimalizi kazi. Fikirini: kama npm 6 ingekataa kila namba isiyo 1, ile namba 2 isingefanya kazi hata siku moja. Daraja lote la 2020 hadi 2022 lilisimama juu ya tabia hiyohiyo mnayoitukana. npm 7 iliandika 2, npm 6 ikaona namba ngeni, ikajitahidi, ikakuta `dependencies` ipo, ikafanikiwa. Mamia ya timu walihama bila kujua kwamba walihama. Kutu, Cargo yako isingeweza hilo.

yaya_terminali · Jumapili usiku

Papa amenishika hapo, nakiri. Sikuwa nimeliona kwa upande huo.

Lakini basi kosa linahama, halifutiki. Ukijua kwamba chombo cha zamani kina tabia ya kuendelea na faili lolote, hutakiwi kumpa faili tupu lenye jina lilelile. Wangebadilisha jina la faili kwa namba 3.

papa_wa_namba · Jumapili usiku

Ikibadilishwa jina, `npm ci` ya zamani itasema vizuri "sioni kufuli", sawa. Lakini `npm install` ya zamani itaona hakuna kufuli kabisa, itafuata `^` zote, na safari hii hata lile onyo halitakuwepo. Fundi angekuwa na hali ileile, bila hata neno "nitajitahidi" la kumlaumu.

kutu_ya_mgodi · Jumapili usiku

Basi tunakubaliana kwamba `npm install` ndiyo nyoka.

papa_wa_namba · Jumapili usiku

Tunakubaliana kwamba ni saa 5 usiku. Lakini kabla sijalala niwape moja ya lugha ya Go, mcheke. Hadi Go 1.20, mstari wa `go` ndani ya go.mod, faili linalosema mradi unataka Go gani, ulikuwa na tarakimu za sehemu mbili, 1.19, 1.20. Go 1.21, Agosti 2023, ikaruhusu tatu, `go 1.21.0`. Vyombo vya zamani vikikutana nayo vinasema: `invalid go version '1.21.0': must match format 1.23`. Hiyo "1.23" ilikuwa mfano tu wa umbo, moja, nukta, mbili tatu. Mwaka uliofuata ikatoka Go 1.23 ya kweli. Mwanafunzi wangu mmoja alinunua mega akashusha 1.23 nzima kwa sababu "mashini imeomba". Na ikafanya kazi! Nitamwambiaje kwamba alielewa vibaya?

mudogo_nguba · Jumatatu asubuhi

Salamu kwenu wakubwa. Mimi ndiye mudogo wa Bukavu anayesemwa. Nimesoma uzi wote nikiwa juu ya moto kutoka Nguba kwenda Nyawera, nusura nianguke.

Yaya fundi, nakuomba msamaha. Lakini naomba pia nijitetee kidogo: sikuandika popote kwamba nataka 3. Nina Node 20. Niliongeza kifurushi kimoja, `npm install` na jina lake, basi. Ilisema kufuli ni ya zamani na lazima ishushe habari za ziada kutoka rejista, mara moja tu, nivumilie. Ikala mega zangu, nikavumilia. Git ikaonyesha mistari maelfu imebadilika kwenye package-lock. Nani anasoma mistari ile? Nilidhani ni kawaida.

yaya_terminali · Jumatatu asubuhi

Mudogo, hukukosa kitu ambacho wengine hawakosi. Na umetoa kipande kilichokuwa kinanisumbua.

Tangu npm 9, kanuni ya kawaida ni hii: kama hakuna kufuli, andika 3, kama kuna kufuli ya namba 1, igeuze iwe 3, kama ni nyingine, iache na namba yake. Soma tena ya katikati na ya mwisho. Kufuli ya 1 inageuzwa bila kuulizwa. Kufuli ya 2 inaachwa kama ilivyo. Yaani kama ninyi wawili mngekuwa mmepita kwenye 2 mapema, npm ya mudogo ingeiheshimu, na Jumamosi fundi angekunywa chai. Mliadhibiwa kwa kubaki kwenye 1 tu. Waliojenga daraja wanakuruhusu ukae juu ya daraja muda unaotaka, lakini ukikaa ng'ambo unarushwa moja kwa moja hadi upande wa pili.

Tengenezeni hivi. Mudogo, rudi kwenye kufuli yako ya 3, ile uliyosukuma. Usichukue ile ya depo, imekwisha kuchafuka. Ndani yake vile vifurushi vya zamani bado vina matoleo yaleyale ya 2020, wewe uliongeza kimoja tu. Kisha:

`npm install --package-lock-only --lockfile-version 2`

Hiyo `--package-lock-only` inaandika kufuli peke yake bila kushusha vifurushi, mega zako zipumue. Na ndani ya mradi weka faili la mipangilio `.npmrc` lenye mstari mmoja, `lockfile-version=2`, ulisukume pamoja na kodi, ili hata atakayekuja kesho na Node mpya kuliko yako asigeuze.

Fundi, kwenye depo `npm ci` tu. Kamwe usiandike `npm install` pale, hata malori yawe kumi. npm 6 ikiandika kufuli inaandika 1, itatupa nusu ya `packages`, na mudogo akivuta, npm yake itaona 1 na kuigeuza 2 tena. Mtacheza mpira huo hadi Pasaka.

mutoto_wa_katuba · Jumatatu mchana

Na juu ya nini asiweke node_modules yote mu kile kiflashi, mudogo anatuma na mutu wa ndege, bintu vimekwisha?

fundi_wa_kampemba · Jumatatu mchana

Nilijaribu zamani. Tunatumia sqlite3, kifurushi cha kuhifadhi data, na ile si JavaScript tupu, ina kipande kilichojengwa kwa ajili ya Node fulani na mfumo fulani. Node 12 inataka vipande vya namba 72, Node 20 ya mudogo inatoa vya 115, na yeye yuko Linux mimi Windows. Inakataa hapohapo. Angalau hiyo inakataa kwa sauti, papa_wa_namba na kutu watafurahi wote wawili.

kijana_wa_golf · Jumatatu jioni

Sawa, nimesoma, narudisha maneno yangu nusu. Lakini swali: yule mwenye kifurushi aliyeanza kuandika `node:` ndani ya toleo dogo, yeye hana kosa? Kama unaacha Node ya zamani si upandishe namba ya kwanza, 4 iwe 5, ili `^` isifike?

yaya_terminali · Jumatatu jioni

Wengine hufanya hivyo kwa nidhamu, na kila wakiacha Node fulani wanapandisha namba ya kwanza. Wengine wanasema kazi za kifurushi hazijabadilika, kilichobadilika ni sakafu kinakosimama. Mimi niko na wa kwanza. Na wengi huandika `engines` kwamba wanataka Node 14 au zaidi, ila npm kwa kawaida inatoa onyo tu kisha inaweka. Ukitaka ikatae kweli, `engine-strict=true` kwenye `.npmrc`. Lakini inapima Node ya mashini iliyoko hapo, kwa hiyo kwa mudogo mwenye 20 haitasema lolote. Mudogo, ukiweza, weka Node 12 pembeni kwa nvm, chombo cha kuweka Node kadhaa kwenye mashini moja, na kabla ya kusukuma endesha programu mara moja humo. Hiyo ni bora kuliko mistari yangu yote ya hapo juu.

kutu_ya_mgodi · Jumatatu jioni

Nitie chumvi kidogo halafu ninyamaze: kwa Cargo unaandika `rust-version` ndani ya Cargo.toml, na Cargo mpya inachagua namba ya kufuli ambayo toleo hilo la zamani linaweza kusoma. Unasema mara moja mkubwa wenu wa miaka ni nani, chombo kinajipunguza chenyewe. npm ina `engines` ileile lakini haiulizi chochote inapochagua namba ya kufuli.

papa_wa_namba · Jumatatu jioni

Hapo Kutu sina cha kupinga. Andikeni tarehe.

mudogo_nguba · Jumanne asubuhi

Nimesukuma. Kufuli ni 2, `.npmrc` ipo. Nimeweka Node 12 kwa nvm, na kumbe kile kifurushi nilichoongeza kwa ajili ya franka na dola nacho kina alama `?.` ndani, Node 12 haiielewi hata kidogo, hiyo ilianza Node 14. Kwa hiyo hata bila shida ya kufuli, Jumamosi ingeanguka tu, ila kwa ujumbe mwingine. Nimekitoa, nimeandika mwenyewe mistari ishirini. Ni kuzidisha na kugawa, sijui kwa nini nilitafuta kifurushi.

fundi_wa_kampemba · Jumatano mchana

Ripoti. `npm ci` imepita kwenye depo, programu imewaka, fakitire zinatoka, bei ya dola iko chini ya bei ya franka kama patroni alivyotaka.

Nikabaki na hamu. Nikatengeneza nakala ya folda pembeni, mbali na ile ya kazi, nikaandika `npm install` humo nione tu itafanya nini na kufuli ya 2. Imetoa onyo lilelile la Jumamosi. Neno kwa neno, isipokuwa pale palipokuwa na 3 sasa pana 2. "Nitajitahidi kadiri niwezavyo." Na safari hii matoleo yote yalikuwa sahihi, hakuna hata kimoja kilichopanda. Yaya alivyosema, kufuli ya ile nakala imegeuka 1 baada ya hapo, nimeifuta folda.

Yaani inasema maneno yaleyale inapoweza na isipoweza.

mutoto_wa_katuba · Jumatano mchana

Mi nilisema, ni fundi wa moto.

Na ile kaye?

fundi_wa_kampemba · Jumatano jioni

Iko juu ya meza, pembeni ya mashini. Patroni ameipigia mistari mipya hadi Desemba.